Usukani Unapokuwa Mzito: Anza na Kilicho Rahisi

Usukani wa gari mara nyingi hauwi mzito kwa siku moja. Hudai nguvu kidogo zaidi kila mwezi, na mikono ya dereva huizoea hali hiyo bila mwenyewe kutambua. Aghalabu ni mtu aliyeazimwa gari ndiye anayeuliza, "Mbona usukani wako mzito hivi?" Mazoea hayo ndiyo hatari. Katika barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Sirari, kati ya Bunda na Makutano, ng'ombe wanaweza kukatiza njia ghafla, na hapo ndipo dereva anapohitaji usukani unaomtii mara moja.

Mfumo unaomsaidia dereva

Magari mengi yana mfumo ambao mafundi huuita pawa steringi. Katika aina ya kwanza, injini huzungusha pampu kwa mkanda. Pampu husukuma mafuta hadi kwenye raki, na nguvu ya mafuta hayo husaidia kugeuza magurudumu ya mbele. Katika aina ya pili, iliyomo katika magari mengi madogo ya miaka ya karibuni, kazi hiyo hufanywa na mota ya umeme, bila pampu wala mafuta. Yafaa ujue gari lako ni la aina ipi, kwa kuwa anayekuuzia mafuta ya steringi kwa gari la mota anakuuzia usichokihitaji.

Sababu za kawaida

Sababu ya kwanza, na iliyo rahisi kuliko zote, ni upungufu wa upepo katika tairi za mbele. Tairi iliyolegea hugusa ardhi kwa eneo kubwa zaidi, na hivyo huwa ngumu kugeuka. Pima upepo tairi zikiwa bado za baridi, ukifuata kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Usifuate namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, kwa maana hicho ni kiwango cha juu ambacho tairi inaweza kuhimili. Magari yaliyotoka Japani huonyesha kipimo hicho kwa kilopaskali: 220 ni sawa na takriban 32 kwenye geji nyingi za mafundi wetu.

Sababu ya pili ni mafuta ya steringi kupungua au kuchakaa. Mafuta hayo hayatumiki yakaisha kama petroli; yakipungua, yanavuja mahali fulani. Kuongeza kila wiki bila kutafuta uvujaji ni kuahirisha gharama. Tumia aina iliyotajwa na mtengenezaji, na kamwe usitie mafuta ya breki, kwa sababu huharibu mipira ya ndani ya mfumo.

Sababu ya tatu ni mkanda uliolegea au kuchakaa. Dalili yake ni mlio mkali unapokata kona hadi mwisho.

Sababu ya nne ni viungo vya steringi, yaani bol jointi na tairodi. Katika barabara za changarawe ziingiazo vijijini Butiama na Bunda, mpira unaofunika kiungo ukipasuka, vumbi na matope huingia na grisi hutoka. Kiungo hukauka, na usukani haurudi wenyewe baada ya kona.

Dalili zinazosaidia kutambua

Ikiwa usukani ni mzito injini ikiwa silensa lakini hulegea unapokanyaga mafuta, shuku mkanda, kiwango cha mafuta au pampu. Ikiwa ni mzito wakati wote na haurudi baada ya kona, shuku upepo au viungo. Katika gari la mota, taa ya usukani ikiwaka kwenye dashibodi, betri na mfumo wa umeme vipimwe kwanza.

Usukani ukiwa mzito ghafla ukiwa mwendoni, huenda injini imezimika au mkanda umekatika. Usitoe ufunguo, kwa kuwa usukani unaweza kujifunga. Ushike kwa mikono miwili, uzungushe kwa nguvu, punguza mwendo na uegeshe pembeni.

Unapofika gereji

Pampu na raki ni spea za gharama kubwa. Kabla hujakubali zibadilishwe, mwombe fundi akuonyeshe kasoro kwa macho, na umuulize kama amekwisha kupima upepo, mkanda na mafuta. Taka makadirio ya gharama kwa maandishi. Kazi ikimalizika, dai kukabidhiwa spea ya zamani pamoja na risiti inayotaja kilichonunuliwa. Baada ya kubadilisha tairodi, magurudumu yapimwe ulinganifu wake, la sivyo tairi zitalika upande mmoja.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kuwapotosha watumiaji katika biashara. Ukiuziwa spea bandia kwa jina la halisi, mrudie muuzaji kwanza ukiwa na risiti. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko yako Tume ya Ushindani.

Wiki hii, kabla ya safari ya Musoma au Mwanza, mpe ndugu au jirani dereva unayemwamini aendeshe gari lako kidogo. Akisema usukani ni mzito, mwamini: mikono yake haijazoea.