Kompyuta Kuukuu Yasaidiwa na Jirani Yake

Katika nyumba nyingi siku hizi mna kompyuta kuukuu iliyofunikwa kitambaa pembeni, haitupwi wala haitumiwi. Mwenyewe akiulizwa, husema imechoka. Ya kwetu ina prosesa ya Pentium III, aina iliyotoka mwaka 1999, na kumbukumbu ya megabaiti 256. Mama mkwe wangu huitumia kuweka hesabu za chama cha kuzikana cha mtaa, wala hataki kusikia habari ya kuibadili. Na kwa kweli kazi hiyo yaifanya barabara. Shida yake ni moja tu: kupata programu mpya.

Programu mpya si anasa. Kompyuta iliyounganishwa na mtandao bila kurekebishwa ni nyumba yenye komeo bovu. Mwaka 2014, lilipogunduliwa tundu lililoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu ya kulinda siri za mawasiliano, kila aliyekuwa na toleo lenye ubovu huo alilazimika kulibadili. Mwizi haulizi umri wa nyumba.

Mashine yetu hutumia Linux. Hata Debian, iliyosifika kwa kutunza mashine za kila rika, ilipotoa toleo lake la 13 mwezi Agosti 2025 haikutoa tena kiini cha Linux kwa ajili ya mashine za biti 32 za namna hii. Sisi tulikuwa tumekwisha kuhamia Gentoo. Desturi ya Gentoo ni kumpa mtumiaji maandishi yenyewe ya programu, kisha kompyuta yake iyageuze kuwa lugha ya mashine kwa kadiri ya prosesa yake. Hivyo kongwe hushonewa nguo ya kipimo chake. Lakini kushona huko kwachukua muda! Tulipojaribu kuunda upya GCC, ambayo ndiyo kompaila inayofanya kazi hiyo ya kugeuza, mashine ilivuma mchana kutwa na usiku kucha. Usiku wa pili umeme ukakatika, ikabidi tuanze mwanzo.

Mama aliye na gunia la mahindi hatwangi yote kinuni ilhali mashine ya kusaga ipo ng'ambo ya barabara. Hupeleka, husagiwa, hurudi na unga. Ugali huusonga mwenyewe jikoni kwake. Kijana wetu anayo kompyuta mpya yenye nguvu, na zote mbili zimeunganishwa kwa waya mmoja. Kwa nini ile isiisagie hii?

Njia ya kwanza tuliyoijaribu ni programu iitwayo distcc, iliyotungwa na Martin Pool. Kongwe huandaa mafaili, huyatuma kwa jirani, na jirani huyageuza na kuyarudisha. Yafaa kompaila za pande zote mbili ziwe za toleo moja. Tena hapana budi kutaja anwani za mashine za nyumbani tu, maana mgeni akipata nafasi ya kuitumia distcc aweza kufanya mengi ndani ya kompyuta hiyo. Twakiri kwamba msaada wake una mpaka. Huzisaidia programu za lugha ya C na jamaa zake. Zile za Rust haziwezi. Kuunganisha vipande vya mwisho nako hubaki kwa kongwe.

Njia iliyotufaa zaidi ni kujenga chumba ndani ya kompyuta mpya. Katika folda moja huwekwa mfumo kamili wa biti 32, wenye mipangilio ileile ya kongwe. Kisha kwa amri ya chroot mtu huingia humo na kufunga mlango, akawa kama yumo ndani ya mashine ya zamani. Kila programu inayoundwa humo hufungwa kifurushi na kuwekwa ghalani. Kongwe huchukua kifurushi kwa mtandao na kukiweka mahali pake. Baadhi ya mipangilio ikitofautiana, huweza kukikataa.

Hapa ndipo tulipoumia. Kijana, kwa pupa, aliacha katika mipangilio neno -march=native mahali pa -march=pentium3. Maana yake, kompaila ifuate prosesa iliyopo pale inapofanyia kazi. Basi jirani akasaga kwa meno yake mwenyewe. Pentium III haizijui amri za SSE2, zilizoanza na Pentium 4 mwaka 2000, sembuse zilizofuata. Kifurushi chenyewe kilikuwa glibc, maktaba ambayo karibu kila programu huitegemea. Tulipokiweka, hata amri ya kuorodhesha mafaili ilikataa kata kata. La kutisha ni kwamba kompyuta yenye nguvu haikutoa onyo lolote, kwa kuwa yenyewe iliyaelewa yote. Mama mkwe aliuliza mara moja tu, "Na michango ya watu?" kisha akanyamaza siku nzima.

Michango ilikuwa salama. Awali tulikuwa tumetumia quickpkg, amri inayofunga kifurushi kutokana na programu iliyokwisha kuwekwa, kwa hiyo glibc ya zamani tulikuwa nayo. Tuliiwasha mashine kwa kisahani, tukaifungua ile akiba juu ya mbovu, ikaamka. Tangu hapo hatugusi glibc wala kompaila kabla ya kuweka akiba, na daftari la chama lina nakala mahali pengine.

Mwezi Desemba 2023 Gentoo yenyewe ilifungua ghala kubwa la vifurushi vilivyo tayari. Shehena nono ilikuwa ya amd64 na arm64. Rika la mashine yetu lilipewa mfumo wa msingi tu. Kwa hiyo chumba chetu bado kinatumika. Mwezi uliopita tulibadili GCC ileile. Kijana alianza baada ya chakula cha mchana, na kabla ya magharibi kongwe ilikuwa imekwisha kuiweka. Mama mkwe alivuta kiti chake, akafungua hesabu, akaniomba nimsomee risiti za wiki ile.