Vimeng'enya Juu ya Unga Mweupe wa Bonde la Ufa

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko la kikemia bila yenyewe kwisha. Mate huanza kuvunja wanga wa ugali mdomoni kwa kimeng'enya, na sabuni nyingi za unga huondoa doa la damu kwa kimeng'enya. Nguvu yake iko katika umbo: mnyororo mrefu wa asidi amino umejikunja kwa namna moja maalumu, na mkunjo huo hufanya kishimo ambamo kazi hufanyika. Joto au asidi ikizidi, mkunjo hufumuka na kazi hukoma, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe na mgumu ukichemshwa.

Udhaifu huo huvitia viwanda hasara. Tena, kimeng'enya kikishayeyuka majini ni vigumu kukitenga na bidhaa, hivyo hutumika mara moja kikamwagwa. Suluhisho la yote mawili ni kukishikiza kwenye kitu kigumu, yaani kishikizo. Mwaka 1916, Nelson na Griffin wa Marekani walionyesha kwamba kimeng'enya kinachovunja sukari ya miwa kiliendelea na kazi hata kiliponata kwenye mkaa. Kiwandani njia hii iliingia mwaka 1969, kampuni ya Tanabe Seiyaku ya Japani ilipoitumia kutengenezea asidi amino.

Njia kuu ni nne. Kimeng'enya huweza kunata chenyewe juu ya kishikizo. Kufungwa kwa kifungo cha kikemia. Kuzingirwa ndani ya jeli, kama ile ya mwani inayoganda kuwa punje tone kwa tone ikidondoshwa kwenye maji ya chumvi ya kalisi. Au vimeng'enya kufungamanishwa vyenyewe kwa vyenyewe. Kikishikwa sehemu kadhaa, mnyororo hukosa nafasi ya kufumuka upesi. Kikijificha ndani ya vitundu, hakigandamani na vingine, wala vimeng'enya vinavyokula protini havikifikii kwa urahisi.

Kishikizo kizuri huwa na vitundu vingi, hakiyeyuki, na bei yake ni nafuu. Kimojawapo kinachimbwa katika Bonde la Ufa. Kutoka Mai Mahiu, barabara hupita chini ya Mlima Longonot hadi Naivasha, kisha Gilgil, na mbele yake, karibu na Ziwa Elementaita, ziko kuta nyeupe za machimbo ya Kariandusi. Mwamba huo ni diatomaiti: magamba ya silika ya mwani mdogo sana ulioishi katika ziwa la kale. Kila gamba limejaa matundu, ndiyo maana unga wake ni mwepesi na hutumika sana kuchujia vinywaji.

Katika miaka ya 1970, watafiti wa Unilever walitumia diatomaiti kushikizia lipesi, kimeng'enya cha mafuta. Lipesi huyeyushwa majini, unga wa diatomaiti ukakorogwa humo, kisha asetoni baridi humiminwa polepole. Lipesi hushindwa kubaki majini ikajitandaza juu ya chembe za unga, ambazo huchujwa na kukaushwa. Unga huo ukipewa unyevu kidogo hupanga upya asidi za mafuta ya mawese, na kutoa mafuta yanayokaribiana na siagi ya kakao.

Bonde hilo lina vimeng'enya vyake pia. Bakteria wa Ziwa Bogoria wamezoea magadi makali na chemchemi zinazotokota, na baadhi ya vimeng'enya vyao ni imara kwa asili. Mwaka 2007 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitia sahihi mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark kuhusu utafiti na matumizi ya vijidudu kama hivyo. Kimeng'enya cha namna hiyo huweza kuimarishwa zaidi kikishikizwa.

Faida hizo zina gharama. Sehemu ya nguvu hupotea kishimo cha kazi kikifunikwa au kikielekea upande wa kishikizo, na malighafi huchelewa kupenya vitunduni. Kilichonata tu huweza kubanduka na kuchukuliwa na maji. Kilichofungwa kwa kemikali hakitoki, lakini kikifa kishikizo chake mara nyingi hutupwa nacho. Kwa hiyo kiwanda huchagua njia kwa kulinganisha bei ya kimeng'enya, bei ya kishikizo na idadi ya mara ambazo punje zilezile zitarudi kazini.