Nyumba ya Kupanga na Afya ya Familia

Tunapompokea wodini mtoto anayeharisha kwa mara ya tatu katika miezi miwili, tunampa dawa na maji ya chumvi na sukari, kisha tunamwuliza mama yake: "Mnaishi wapi?" Mara nyingi jibu ni lile lile: chumba kimoja cha kupanga, kaya saba kwenye ua mmoja, choo kimoja kilichojaa, na kisima hatua chache kutoka hapo. Mtoto tunamruhusu akiwa amepona, kumbe tunamrudisha kule kule alikopata ugonjwa.

Miji yetu ya Kasulu na Kibondo imekua haraka. Wakimbizi wa Burundi walipoingia kwa wingi mwaka 1993, na tena mwaka 2015 kambi ya Nduta ilipofunguliwa upya, watumishi na wafanyabiashara wengi walikuja kutafuta vyumba. Wapo wenye nyumba walioongeza vyumba vya uani bila kuongeza choo. Basi ni vema tujue nani ana mamlaka juu ya nyumba hizo.

Nani anahusika?

Wengine hudhani ni kazi ya Bodi ya Afya ya Halmashauri. Sivyo. Bodi hiyo husimamia huduma za hospitali, vituo vya afya na zahanati. Usafi wa nyumba ni kazi ya Afisa Afya, ambaye wazee wetu bado wanamwita Bwana Afya. Yuko chini ya Halmashauri: kwa Kasulu mjini ni Halmashauri ya Mji, na kwa Kibondo ni Halmashauri ya Wilaya. Mamlaka yake yametokana na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009.

Afisa Afya anaweza kuingia katika nyumba na kuikagua. Akikuta kero inayohatarisha afya, kama choo kinachofurika, maji machafu yanayotuama au msongamano wa watu, huandika ilani yenye muda wa kurekebisha. Muda ukiisha hurudi kukagua. Aliyepuuza ilani anaweza kufikishwa mahakamani. Kasoro ikiwa ya jengo lenyewe, anayewajibika ni mwenye nyumba. Ikiwa ni uchafu wa matumizi ya kila siku, anayewajibika ni aliyeusababisha, hata kama ni mpangaji.

Je, kodi ya nyumba?

Zamani ilikuwapo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano kati ya mwenye nyumba na mpangaji, na Afisa Afya hawezi kuipunguza hata shilingi moja. Lakini kufutwa kwa sheria ile hakukufuta sheria za afya. Mwenye nyumba ana uhuru wa kutaja bei ya chumba, ila hana uhuru wa kukipangisha bila choo.

Kujenga na kubadili matumizi

Anayetaka kujenga au kuongeza vyumba mjini anapaswa kupata kibali cha ujenzi kutoka Halmashauri kabla hajachimba msingi. Ramani yake hupitiwa na watu wa mipango miji, mhandisi na Afisa Afya. Afisa Afya hutazama madirisha, mahali pa choo na njia ya maji machafu. Anayetaka kugeuza nyumba ya kuishi iwe baa au mashine ya kusaga naye huomba kibali cha kubadili matumizi, na majirani wana haki ya kutoa pingamizi.

Wapo wanaoomba kulegezewa masharti kwa sababu kiwanja ni kidogo. Katika mitaa iliyojengwa kabla ya kupimwa, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 imeweka nafasi ya kurasimisha makazi yaliyopo pasipo kuyabomoa yote. Hilo ni jambo jema. Lakini vijidudu havijui karatasi. Tunachofundisha ni kwamba kisima kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye choo cha shimo. Kiwanja kisipotosha umbali huo, afadhali kisima kiachwe na maji yachotwe bombani, au yachemshwe.

Mambo ya kuangalia kabla ya kulipa kodi

1. Dirisha linalofunguka. Kifua kikuu huenea kwa urahisi katika chumba kisichopitisha hewa.
2. Choo: kina mlango na mfuniko? Kinatumiwa na kaya ngapi?
3. Maji: yanatoka wapi?
4. Mahali pa kupikia nje ya chumba. Huku kwetu milimani baridi ya Juni na Julai huwafanya watu walale na jiko la mkaa ndani. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha, nayo huua.

Tukiona kasoro tufanye nini?

Tunajua hofu ya mpangaji: "Nikisema, nitafukuzwa." Kwa hiyo anzeni kwa mazungumzo, wapangaji wote kwa pamoja, si mmoja peke yake. Ikishindikana, mwendeeni mwenyekiti wa mtaa, kisha Afisa Afya wa kata. Mgogoro wa upangaji wenyewe hupelekwa kwanza Baraza la Kata kwa usuluhishi, na usipokwisha huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwekeeni kila malipo risiti au maandishi.

Nanyi wenye nyumba, tunajua baadhi yenu ni wajane na wastaafu ambao chumba hicho kimoja ndicho kinachowasomeshea watoto. Ukipata ilani usijifiche. Mwendee Afisa Afya, mweleze uwezo wako, omba muda. Pengine wapangaji watakubali kuchimba shimo kwa mikono yao, nawe ukawapunguzia kodi ya mwezi mmoja. Choo hicho kitagharimu kidogo kuliko kitanda cha hospitali. Usipoziba ufa utajenga ukuta.