Kusini kwa Pedeli: Vilivyovunja Rekodi kati ya Kilwa na Lindi

Basi la Mtwara huvuka Mto Rufiji, likapita Somanga, Nangurukuru na Mchinga, likafika Mnazi Mmoja, na abiria wengi hushuka wakiwa hawajaona kitu zaidi ya mgongo wa kiti cha mbele. Ni hasara kubwa. Kipande hiki cha pwani kina vya kwanza, vikubwa na virefu vingi kuliko sehemu yoyote ya Tanzania ninayoijua, na karibu vyote viko kando ya barabara moja ya lami au kwenye njia za vumbi zinazochepuka kutoka hapo. Kasi inayofaa kuviona ni kasi ya baiskeli.

Lango ni Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, mita 970, lililofunguliwa 2003. Kabla yake watu walikesha wakisubiri kivuko cha Ndundu, na masika yakizidi, Kusini ilikuwa kama kisiwa. Kwa urefu limeshaachwa mbali na daraja la Kigongo–Busisi kule Mwanza, lenye kilomita 3, lililofunguliwa 2025. Lakini sijui daraja jingine nchini lililobadilisha maisha ya watu wengi kwa siku moja kama hili. Livuke alfajiri, kabla malori ya saruji kutoka Mtwara hayajachangamka. Barabara hii haina njia ya baiskeli, na lori linalokuja nyuma yako ndiyo hatari kubwa kuliko zote utakazokutana nazo. Hata tembo wa mapori ya Kilwa hawalifikii, ingawa nao inafaa kuwaulizia kijijini kabla ya kuingia njia za ndani.

Jambo la pili la kuulizia ni upepo. Kuanzia Aprili hadi Septemba huvuma kusi, na miezi mizuri ya kuendesha, Juni hadi Septemba, yote imo humo. Ukitoka Kilwa kwenda Lindi unapigana nao kutwa. Ukianzia Lindi kurudi Kilwa, unakusukuma mgongoni. Pakia baiskeli juu ya basi, shuka Lindi, kisha rudi kaskazini ukikanyaga.

Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyoitajirisha Kilwa. Jahazi lililotoka Arabuni na kaskazi liliweza kufika hapa, likafanya biashara na kurudi na kusi ndani ya msimu mmoja. Kwenda mbali zaidi kusini ilikuwa kujitia katika hatari ya kukwama mwaka mzima. Kwa hiyo Kilwa ikawa ncha ya kusini ya safari ya msimu mmoja, na dhahabu ya Sofala, huko kusini zaidi, ikalazimika kupitia mikononi mwa masultani wake.

Walichofanya na utajiri huo unakiona ukiacha baiskeli Kilwa Masoko na kupanda mashua kwenda Kisiwani. Msikiti Mkuu ulianza karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuba lake la upande wa kusini lilibaki kubwa kuliko yote Afrika Mashariki hadi karne ya 19. Mbali kidogo, juu ya jabali linalotazama bahari, ipo Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogelea la pembe nane. Hakuna jengo la enzi yake katika pwani hii linaloifikia kwa ukubwa. Msafiri Ibn Battuta alifika 1331, akamkuta sultani huyohuyo, akamsifu kwa ukarimu. UNESCO iliyaorodhesha magofu haya pamoja na ya Songo Mnara mwaka 1981, ikayaweka katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuyaondoa humo 2014 baada ya ukarabati. Ni habari njema ambayo haikutangazwa inavyostahili.

Rekodi ya safari ndefu kuliko zote naipa sarafu. Kilwa ilifua sarafu zake za shaba, na tano kati yake ziliokotwa mwaka 1944 na mwanajeshi wa Australia kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo, ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi.

Kipande kitamu kuliko vyote kwa magurudumu ni kilomita takribani 30 kati ya Masoko na Kilwa Kivinje. Ni lami, magari ni machache, kuna vivuli vya miembe na mikorosho, na wachuuzi wa samaki wanakupita na matenga kwenye keria huku wakikusalimu. Kivinje yenyewe ilikuwa mwisho wa njia za misafara ya pembe na watumwa katika karne ya 19, na nyumba zake za mawe zinaanguka moja moja. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya, kiongozi aliyewapinga, mwaka 1895, katika mti uliokuja kuitwa Mwembe Kinyonga. Anayepita na asisimame hapo amekosa kitu.

Kipande kigumu kuliko vyote ni kupanda Milima ya Matumbi. Unachepuka Njia Nne, unapanda kwenda Kipatimu na kisha Nandete, udongo mwekundu, mawe, na vilima ambavyo vitakushusha kwenye tandiko usukume. Chukua tyubu za ziada na pampu, maana huku fundi wa pancha hayupo kila kijiji. Nandete ndipo wenyeji walipong'oa mipamba ya Wajerumani mwezi Julai 1905, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjeketile Ngwale, kiongozi wake wa kiroho, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, lakini vita vilienea hadi Songea na Kilombero, uasi mpana kuliko wowote katika koloni lile. Wajerumani walikadiria vifo 75,000. Gilbert Gwassa, mwanahistoria aliyekusanya masimulizi ya wazee wa huku, alisema ni 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa iliyoletwa na kuchomwa kwa mazao. Ukiwa umepanda vilima vile kwa miguu yako unaelewa kwa nini jeshi lenye bunduki liliamua kutumia njaa.

Katika misitu ya ndani ya Kilwa, kijiji cha Kikole kina rekodi ambayo wenyeji wana haki ya kujivunia. Mwaka 2009, kupitia shirika la kuhifadhi mpingo lililoko Kilwa, wanavijiji walipata cheti cha FSC cha usimamizi mzuri wa misitu, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Mpingo ni mti ambao ukiutupa majini unazama, na zumari za okestra za Ulaya huchongwa kwa mti huo. Zamani kijiji kiliambulia vijisenti kwa gogo. Leo bei inakubaliwa na wenye msitu.

Kubwa kuliko yote limeondoka. Tendaguru, kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi, ndipo yalipochimbwa kati ya 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria zaidi ya tani 200. Ilibebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku nne hadi bandari ya Lindi, na wanaume wa mkoa huu. Mmoja wa dinosaria hao alisimamishwa Berlin mwaka 1937. Ana kimo cha mita 13.27 na anatambuliwa kuwa kiunzi cha mifupa kirefu kuliko vyote kilichosimamishwa katika jumba la makumbusho. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosaria wa Tendaguru akapewa jina la kisayansi la *Australodocus bohetii* kwa heshima yake. Ukiendesha njia ile ya mchanga na mzigo mdogo kwenye keria, fikiria aliyeibeba nchi hii kichwani.

Kidogo kuliko vyote ni komba wa Rondo, gramu 60 tu, mdogo kuliko komba wote duniani. Anaishi katika vipande vichache vya misitu ya pwani, ukiwamo Litipo karibu na ziwa Lutamba, na kila mti unaokatwa kwa mkaa unampunguzia makazi.

Nimeacha mwishoni reli iliyoishi maisha mafupi, kwa sababu ndiyo ninayoitamani zaidi. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga Nachingwea, walijenga reli kutoka Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, na treni zikafika Nachingwea 1949. Mradi ulivunjwa 1951 baada ya kumeza zaidi ya paundi milioni 36. Bandari ya Mtwara ikafunguliwa 1954 na reli ikaunganishwa nayo, lakini mzigo haukuwapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Haikufikisha miaka 15.

Hispania ilikuwa na reli nyingi za aina hiyo. Kuanzia 1993 wamezigeuza njia za baiskeli na waenda kwa miguu, na sasa zimezidi kilomita 3,000. Sababu yake ni nyepesi: treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo palipopita reli panamfaa mtoto, mzee na mwenye mzigo. Tuta la Mkwaya lilijengwa kwa kanuni hiyohiyo. Huku Lindi baiskeli haijawahi kuwa kitu cha mtalii. Ndiyo inayopeleka korosho ghalani, mgonjwa zahanati na mwanafunzi sekondari, na wote hao leo wanagombania ukingo wa lami na malori. Halmashauri inaweza kuanza na kilomita 10 kutoka Mkwaya kuelekea bara: kupima tuta lililobaki, kukubaliana na wenye mashamba yaliyoliingilia, kufyeka, kumwaga changarawe na kuweka vizuizi vya magari.