Kusikiliza Hotuba na Kuandika Muhtasari

Mwanafunzi wa Hasamba, wilayani Mbozi, anayejaribu kunakili kila neno la msemaji hutoka mkutanoni na kurasa nyingi bila hoja hata moja. Kazi ya mwalimu ni kumzoeza kuitafuta mifupa ya hotuba.

Tuchukue hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera. Kazi aliyoitaja ni moja: kumpiga mvamizi. Aliisimamisha juu ya mambo matatu, yaani uwezo, sababu na nia. Maneno manne yanatosha daftarini. Yaandikwe kushoto; kulia uandikwe ushahidi wa kila moja. Msemaji yeyote asipotoa ushahidi, nafasi iachwe wazi, kwani hapo ndipo penye swali la kumwuliza. (Makada wengi hupiga makofi hapo hapo.)

Sauti ya hotuba hiyo imehifadhiwa. Isikilizwe mara mbili, ya kwanza bila kalamu. Kisha kila mwanafunzi aeleze hoja kwa mdomo, hata kwa Kinyiha, kabla ya kuiandika kwa Kiswahili. Jioni wazee nyumbani watamwuliza kilichosemwa mkutanoni, nao wataamua kwa kutegemea maneno yake.