Huria si Bure

Barabara ya Kawawa, Kinondoni, ndiko yaliko makao makuu ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Mwanafunzi wake analipa ada kama wa chuo kingine chochote. Uhuria uko kwenye namna ya kusoma: mtu anabaki na kazi yake Temeke au Songea, anasomea nyumbani, siku ya mtihani anafika kituoni. Asomaye bango la chuo hicho hadhani kwamba masomo ni ya bure.

Wanaozungumza Kiingereza hawana bahati hiyo. Neno lao moja, “free”, limebeba huru na bure kwa pamoja. Ndiyo maana Mmarekani Richard Stallman, aliyeanzisha wakfu wa programu huria mwaka 1985, amekuwa akirudia kueleza kwamba hazungumzii bei. Anazungumzia ruhusa nne: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuifungua na kuibadili, kugawa nakala zake, na kugawa hata ile uliyoibadili.

Sasa ingia steshenari ya Mbagala. Mteja kaja na flashi, anataka CV yake ichapwe kabla ya saa nne. Kompyuta ina Windows na Word zilizokrakiwa, hazikulipiwa hata shilingi. Bure zimekuwa bure, ila huria si huria: mwenye duka hawezi kuona zilivyoundwa, na aliyemwekea huenda kamwachia virusi humo humo.

Njia nyingine iliwahi kutengenezwa jijini Dar es Salaam. Desemba 2004, Mlimani, wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Sweden walitoa Jambo OpenOffice kupitia mradi wa Kilinux. Ilikuwa tafsiri ya OpenOffice, programu huria ya kuandikia barua na kupigia mahesabu, menyu zake zikiwa za Kiswahili. Hawakuhitaji kubembeleza kampuni yoyote. Ruhusa ya kutafsiri ilikuwa tayari ndani ya leseni.

Lakini OpenOffice ilikuwa na tajiri wake, Sun Microsystems ya Marekani. Januari 2010 tajiri huyo akanunuliwa na Oracle, na wachangiaji wa OpenOffice wakaingiwa na wasiwasi. Septemba mwaka uleule wakachukua msimbo waliokuwa wakiujenga, wakaondoka nao na kuuita LibreOffice. Oracle ikabaki na jina. Mwaka 2011 ikaukabidhi mradi wa zamani kwa wakfu wa Apache. Kwenye orodha ya lugha za LibreOffice, Kiswahili kimo, kwa alama ya sw-TZ.

Ramani nazo zina kisa chake. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata kama Tandale walipita vichochoroni kuchora mitaro na nyumba, katika mradi ulioitwa Ramani Huria. Kazi yao iliingia OpenStreetMap, ambayo data zake hutumiwa hata na Meta, mmiliki wa Facebook. Leseni haiizuii Meta kupata faida. Inaidai itaje chanzo, na ikisambaza data hizo baada ya kuziboresha, izitoe kwa masharti yaleyale.

Pale Mbagala, mwenye steshenari anaweza kupakua LibreOffice leo hii. Kinachomrudisha kwenye Word ni CV ya mteja: ikifunguliwa kwa Word kwenye kompyuta ya mwajiri, jedwali limehama, namba ya simu imeangukia ukurasa wa pili, na mteja anarudi kudai hela yake.