Theluji ya Helsinki, vumbi la Dadamu

Na Mwandishi Wetu, Arua

Picha iliingia kwenye simu yangu wiki ya mwisho ya Desemba. Binamu yangu amesimama kando ya bandari ya Helsinki, nchini Finland. Nyuma yake boti zimefunikwa theluji na maji ya ukingoni yameganda. Koti linaonekana, kofia inaonekana, hata kamba za boti zinaonekana. Uso hauonekani, umebaki kivuli tu. Nilipompelekea mama yake, shangazi yangu anayeishi hapa Dadamu, aliitazama kwa muda mrefu, akanirudishia simu na kuniuliza huyo ni nani.

Shangazi hajamwona mwanawe kwa miaka saba.

Simu ya binamu si mbovu. Kamera hupima mwanga wa eneo lote lililo mbele yake na kujaribu kuuweka wastani. Ikikutana na theluji, huona weupe umezidi, nayo hupunguza mwanga. Theluji hugeuka kijivu, na mtu mweusi aliyesimama mbele yake huzama gizani. Mzungu hulalamika kwamba theluji yake imetoka rangi ya majivu. Sisi tunapoteza sura nzima.

Msomaji asidhani hii ni shida ya ughaibuni peke yake. Arua haina bahari. Bandari yetu ni ya malori: mizigo iliyoshushwa Mombasa hupita hapa kuelekea Vurra na kuingia Kongo, mingine hupanda Koboko hadi mpaka wa Oraba na kuingia Sudan Kusini. Lakini Helsinki inapoganda, nasi tunakuwa na msimu wetu mweupe. Kuanzia Desemba hadi Februari mvua hukatika, upepo mkavu huvuma kutoka kaskazini-mashariki, moshi wa nyika zinazochomwa huchanganyika na vumbi, na mbingu huwa kama maziwa yaliyotiwa maji. Misaji hupukutisha majani yake mapana na kubaki matawi matupu. Ukiipiga picha bila kuonyesha udongo mwekundu chini yake, mtu wa Finland anaweza kudhani ni kwao. Hata mbayuwayu waliokimbia baridi ya Ulaya utawaona wamejipanga kwenye nyaya za umeme.

Binamu naye alikuwa ameomba picha ya mama yake. Nilikwenda Jumamosi, saa 6 mchana, nikamsimamisha uani katika kitenge chake kipya, mbingu nyeupe nyuma yake. Ikatoka kama ile ya Helsinki: kitenge kizuri, uso hakuna. Sikuthubutu kuituma.

Hapa petu jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi na kupanda haraka. Kufikia saa 4 mwanga umeshakuwa mkali, na kivuli kinaangukia machoni. Helsinki mwezi Desemba jua huchomoza baada ya saa 3 asubuhi na kuzama muda mfupi baada ya saa 9 alasiri, na siku nzima hukaa chini karibu na upeo. Ni mwanga laini ambao mpiga picha wa Arua huupata kwa saa mbili tu asubuhi. Nakiri namwonea binamu wivu, ingawa baridi yake sitaki.

Nilirudi Jumatatu alfajiri. Shangazi hakuwa uani. Alikuwa ameshafika mwambani, anageuza mihogo aliyoianika. Kiangazi ndicho kipindi cha kazi hiyo, na mwamba wote ulikuwa mweupe kwa vipande vya mihogo. Alipoinama, nikaona uso wake umeng'aa kutoka chini. Mihogo ilikuwa inarudisha mwanga wa jua, kazi ileile ambayo studio hufanya kwa kitambaa cheupe. Nilimwomba akae hapohapo, ageukie jua, nyuma yake ziwe misaji na si mbingu. Nikagusa uso wake kwenye kioo cha simu, nikasogeza alama ya jua juu kidogo, nikapiga. Mikunjo yote ya uso ilitoka, na unga wa muhogo kwenye nyusi.

Nilipoituma nilimwandikia binamu afanye vilevile. Theluji nayo hurudisha mwanga, mradi ageukie jua badala ya kulipa mgongo. Aguse uso, aongeze mwanga. Simu aiweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, maana baridi huzima betri ghafla. Mimi huku adui wangu ni vumbi. Lenzi naifuta kwa kitambaa laini cha pamba kila baada ya picha chache.

Picha yake ya pili ilifika katikati ya Januari. Bandari ileile, barafu ileile, lakini safari hii meno yanaonekana, na kovu dogo la utotoni juu ya jicho. Shangazi aliishika simu kwa mikono miwili. Akasema amekonda. Kisha akataka kujua kwa nini koti halijafungwa vifungo.